Mlima wa Malkia Aliyezikwa Wima

Wifi yangu Ghanima binti Sabir si mwoga. Mwoga ni mie, Saliha, na hapa Ibra kila mtu anajua. Mie mjusi ukutani hunihamisha chumba. Ghanima siku moja alimuua nyoka jikoni kwa mchi, kisha akauosha mchi akaendelea kutwanga thomu yake, na biriani ya siku ile tulikula sote isipokuwa mie.

Tulizaliwa mtaa mmoja, Vikokotoni, Unguja mjini, tukaja Oman tungali wasichana, kila mmoja na watu wake. Kaka yangu Khalaf akamuoa hapa hapa Ibra. Tangu siku ile ni wifi yangu, na wifi ni wa kutaniwa, basi hatujapumzishana. Miaka na miaka ana mahali pake katika soko la wanawake, lile la Jumatano, ambalo wanaume hawaingii, waume wakija kuchukua wake zao hungoja nje juani kama mizigo. Anauza udi, anauza kofia anazoshona kwa mkono wake. Mteja akitaka kupunguziwa kupita kiasi, Ghanima humtazama tu, hasemi neno, mpaka mteja mwenyewe akaona haya.

Khalaf alikufa kwa wadi, bonde kavu ambalo mvua ikinyesha hugeuka mto. Alikuwa anarudi kutoka Al Kamil, mvua imenyesha milimani, maji yakashuka barabarani. Waliokuwa nyuma yake walimpigia honi asivuke. Akavuka. Gari lilipatikana jioni ile, yeye alipatikana kesho yake. Sisemi zaidi ya hapo, kwani ni kaka yangu na mie nina moyo.

Huu mwaka wa tatu. Tangu hapo Ghanima akawa mtu mwengine. Sokoni anakwenda, kofia anashona, lakini ukimsemesha unangoja jibu mpaka unasahau ulichouliza. Nikimtania haniregeshei. Wallahi hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu akilia nyumba ijae, unajua iko siku atanyamaza. Huyu hakulia. Alikuwa anaondoka kidogo kidogo huku amekaa mbele yangu, na mie sikujua nimshike wapi.

Mwanawe Shihab ni daktari, yuko Ireland, mji unaitwa Sligo, anajifunza upasuaji wa mifupa katika hospitali ya huko. Akanipigia simu. "Shangazi, shikamoo. Mlete Mama. Nyumba hii kubwa, mimi niko peke yangu."

"Marahaba. Mie nipande ndege? Mwambie mtu mwengine."

"Shangazi, yeye hatoki na mtu mwengine."

Basi nikapanda ndege, nimefumba macho toka Maskati mpaka huko, na Ayatul Kursiyyu nimeisoma mpaka ulimi umekauka. Ghanima alikaa dirishani akatazama mawingu njia nzima.

Nchi yenyewe, sikwambii. Majani. Ukitazama huku majani, ukitazama kule majani, na kondoo wamo ndani yake wamenenepa hata hawawezi kukimbia. Sisi tuna Jabali Akhdhar pale juu ya Nizwa, mlima wa kijani, na tunajisifu nao, lakini kijani chake ni cha jina. Huku hata kuta za mawe zimeota majani. Na upepo haukatiki, na mvua inakuja inaondoka kama jirani asiyebisha hodi.

Siku ya kwanza Shihab alitupeleka pwani, mahali paitwapo Strandhill. Kuna nyumba pale watu wanalipa wakalale ndani ya beseni la maji ya moto lililojaa mwani. Nikacheka peke yangu. Pemba wanawake wanavunjika migongo kuulima mwani, huku wenzao wanaukogea. Nikamgeukia Ghanima nimwambie, nikamkuta amesimama mbali kabisa, juu ya ukuta wa mawe, hataki kushuka kwenye mchanga. Bahari ile haikuwa kama bahari ya kwetu. Ilikuwa kijivu, inanguruma, na palikuwa na kibao cha kukataza watu wasiogelee. Ghanima, aliyekuwa akipiga mbizi Forodhani pamoja na wavulana akapigwa na mamake kwa hilo, aliyatazama maji yale akasema, "Yana haraka." Halafu hakusema kitu mpaka nyumbani.

Mlima uko juu ya pwani ile ile. Unaitwa Knocknarea. Mie jina lilinishinda, nikauita Mlima wa Bibi, kwa sababu juu yake liko rundo la mawe, kubwa kama jumba, na wenyewe wanasema ndani kazikwa malkia wao wa zamani. Shihab akatuhadithia tukiwa garini, anadhani anatufurahisha. Ati yule malkia hakulazwa. Alizikwa wima, na silaha zake, uso umeelekea kwa maadui.

"Amesimama mpaka leo?" nikamuuliza.

"Ndivyo hadithi inasema, shangazi."

"Na wewe unatupeleka kwake."

"Yalla, shangazi. Mlima hii si kubwa. Watoto wanapanda."

Vijana wetu hawa Kiswahili chao kimekatika mkia, lakini tunashukuru hicho kidogo. Nilimtazama Ghanima, nikitumai atakataa. Akasema, "Maiti aliyesimama hajapumzika. Twende tukamwone." Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki ile. Nikafunga viatu vyangu.

Tulipanda. Njia ni nzuri, sehemu nyengine wameweka ngazi za mbao, lakini magoti yangu hayakuzaliwa jana. Tukakutana na mama mmoja wa kizungu na mbwa wake, anashuka. Akamwambia Shihab maneno huku ananyoosha kidole baharini. Nikauliza anasema nini.

"Anasema wingu linakuja, tusikae sana juu."

Nikatazama baharini, sikuona kitu. Hiyo ndiyo hofu ya mwanzo niliyoipata siku ile, na nilikuwa na haki nayo.

Kule juu, mashaallah, unaiona dunia. Bahari huku na huku, visiwa, mchanga, mashamba yamegawanywa kwa kuta, mji wa Sligo kwa mbali. Na lile rundo la mawe katikati, kimya, la kijivu, linakutazama. Nilikaa nikalipa mgongo, nikaona vibaya kulipa mgongo, nikageuka nikalitazama, ikawa vibaya zaidi.

Hapo Ghanima akasema laasiri imeingia.

Sasa nielewe. Sisi wawili tulikuwa wasafiri, na msafiri ana ruhusa ya kufupisha sala na kuchanganya. Mie nilichanganya mapema, adhuhuri na laasiri pamoja, chini nyumbani, nikamaliza; Shihab, ambaye ni mkaazi, angesali akirudi. Ghanima kufupisha anakubali, kuchanganya bila dharura hakubali. Anasema ruhusa si amri, na yeye muda anao. Akachukua mswala wake kutoka kwenye mkoba wangu. Shihab akamwonyesha kibla kwa simu.

"Sali hapa hapa, wifi," nikamwambia.

"Kwenye kaburi? Kaburini hapasaliwi." Akaanza kwenda. "Nitakwenda mpaka nisilione."

Na hilo kaburi lake ni kubwa kama jumba. Mpaka usilione, utembee. Nilimtazama akishuka upande wa pili, shela yake nyeusi kwenye majani, akiwa na mswala kwapani, mpaka akapotea kwenye mteremko. Simu yake ilibaki ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa mkononi mwangu.

Wingu likaja. Halikuja kutoka juu kama ninavyoyajua mawingu. Lilipanda kutoka baharini, likatambaa juu ya majani, jeupe, na baridi yake ikaingia ndani ya mikono ya nguo. Kwanza ikapotea bahari, halafu mashamba, halafu lile rundo la mawe, na kaburi kubwa namna ile linapopotea mbele ya macho yako unajua umekwisha. Nilimshika Shihab mkono. Nilikuwa naiona saa yake, sioni bega lake vizuri.

"Mama yuko wapi?" akasema.

"Anasali."

Tukangoja. Mtu anayesali hajibu, hilo linajulikana. Tukangoja muda wa rakaa mbili, tukangoja muda wa dua, na Ghanima dua yake ni ndefu. Hakuja. Shihab akaanza kuita.

"Mamaa!"

Upepo, na bahari chini, basi.

"Mamaa! Uko wapi?"

Akaniambia kwa sauti ndogo, nami sitaisahau sauti ile, kwamba upande ule aliokwenda mlima unakatika. Hauteremki, unakatika. Mawe matupu mpaka chini. Akasema pia jua limebakia kidogo. Akapiga simu kwa watu wa uokozi, wakamwambia wanakuja, msitembee, kaeni mlipo, endeleeni kumwita.

Basi akamwita. Aliita mpaka sauti ikaanza kukwaruza. Na mie nilikuwa nasoma kila nilichofundishwa. Nikawa nahesabu maiti wawili katika nyumba moja, mmoja kwa maji na mmoja kwa mlima, na nitarudi vipi Ibra niseme nini. Nilimchukua mimi. Mie ndiye niliyepanda naye ndege.

Halafu nikaisikia.

Shihab aliita tena, na sauti ile ilivyochoka, ilivyoingia ukungu, haikuwa ya Shihab. Ilikuwa ya Khalaf. Nimekua na kaka yangu nyumba moja, naijua sauti yake kama nilivyoujua mkono wake. Ile ile, nzito, inayovuta neno mwishoni. Nywele zilinisimama. Nilimtazama kijana aliyesimama pembeni yangu, na kwa kuwa ukungu ulimfunika uso, wallahi niliogopa kumtazama tena.

Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza."

Akaniondoa mkono. "Shangazi, wamesema tuendelee kuita."

"Usimwite. Unamtisha."

"Mimi mwanawe."

"Anakusikia wewe? Anamsikia babako."

Nikamweleza haraka haraka. Sisi tulilelewa na bibi zetu, na bibi zetu walitufunza kwamba ukiitwa mahali pa upweke na anayekuita humwoni, huitiki. Huitiki abadani. Asiyeonekana akikuita jina lako nawe ukasema "abee", umeshajitoa. Hilo halijasomwa chuoni, limo ndani ya damu. Sasa mwanamke amekaa peke yake ndani ya ukungu, juu ya mlima wa maiti aliyesimama, na sauti ya mumewe aliyekufa inamwita. Angeitika nani? Mie nisingeitika. Mie ningekimbia, na pale hapana pa kukimbilia ila chini.

"Shangazi, hii si wakati ya majini," akasema Shihab, na alikuwa analia.

"Ni wakati wa mamako. Kaa kimya."

Lakini kunyamaza peke yake hakumleti mtu. Ikabidi niite mie. Na mie nikiita jina lake, nina tofauti gani? Jini jina lako analijua. Jina la mamako analijua. Nikafikiri, kipi ambacho jini hakijui. Na kwa hofu sikuwa na akili ya kuchagua vizuri.

Miaka ile Shihab alipochumbia, uchumba ambao baadaye ulivunjika, Ghanima alipika biriani ya watu wote, na biriani ikaungua. Iliungua sufuria zima, tukaikwangua, wageni wakala wanatazamana. Mpaka leo Ghanima anashikilia kwamba kuni zilikuwa mbichi, zikatoa moshi, ndiyo maana. Ukimgusa hapo umemgusa jicho.

Nikajaza kifua. Nikapiga kelele kuuelekea ule weupe.

"Ghanima! Biriani iliungua! Na si kuni! Wewe ulikuwa unapiga domo!"

Shihab akanitazama kama nimeshaondokwa na akili. Nikaita tena.

"Kuni zilikuwa kavu! Nilizichagua mimi! Wageni walikula makaa!"

Kimya. Nilidhani nimechelewa. Nilidhani haya ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia wifi yangu duniani, biriani, nikakaa kwenye majani yaliyolowa.

Ndipo likaja, kutoka chini, mkono wa kushoto, mbali kuliko nilivyofikiri.

"Zilikuwa mbichi."

Haikuwa kwa kelele. Alikuwa amekasirika tu, kama zamani.

"Mbichi wapi? Nilizinunua siku tatu kabla!"

"Ulizinunua kwa nani? Kwa yule mwizi wa njia ya Al Mintirib. Nilikwambia usinunue kwake."

"Kaa hapo hapo! Usinyanyuke! Nijibu tu!"

Tukashuka tunafuata ugomvi. Shihab mbele, anapapasa ardhi kwa mguu kabla hajaukanyagia, mie nyuma nimeshika koti lake, nabishana na wifi yangu juu ya kuni, juu ya mchele, juu ya nani aliyesahau kupunguza moto. Alinijibu kila neno. Na jinsi alivyokuwa akinijibu ndivyo hofu yangu ilivyozidi, maana sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza kilichokuwa kinasema.

Tulimwona akiwa karibu sana, kivuli kwanza, halafu yeye. Alikuwa amekaa juu ya mswala wake, mikono magotini. Nyuma ya mswala yalikuwepo majani kidogo, halafu hayakuwepo. Palikuwa na weupe tu, na bahari inanguruma ndani yake. Alikuwa ameupa mgongo ukingo. Angeondoka pale kwa kurudi nyuma, kama mtu anavyorudi nyuma kuukunja mswala, asingekunja kitu tena.

Shihab akalala kifudifudi, akatambaa, akamshika kifundo cha mkono. Akamvuta taratibu mpaka akamleta kwangu, nikamkumbatia, nikampiga mgongoni kwa ngumi, nikamkumbatia tena.

Kushuka sitakuhadithia kote. Watu wa uokozi tulikutana nao njiani, wamevaa makoti mekundu, wana taa. Walitufunika mablanketi, wakatupeleka mpaka chini kwenye magari. Ghanima aliwashukuru kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, kisha akagusa moyo wake kwa mkono, wakaelewa.

Tukakaa garini sisi wawili, kiti cha nyuma. Shihab alibaki nje anazungumza na wale watu, na kupitia kioo niliyaona mabega yake yanapanda na kushuka. Nikamshika wifi yangu mkono, mkono ulikuwa barafu.

"Ulifanya vyema kutoitika," nikamwambia. "Nimemwambia Shihab. Na mie ningenyamaza. Ile sauti hata mie ilinitoa roho, nilidhani Khalaf kweli."

Ghanima hakujibu. Nikangoja, nimeshazoea kungoja.

"Mie si mtoto, wifi," akasema. "Nilijua ni Shihab. Tangu mara ya kwanza nilijua."

"Sasa mbona hukuitika? Mwanao ameita mpaka amekaukiwa. Tumekwishakukufia."

Akaliangalia blanketi. Akalikunja ncha yake, akaifungua.

"Ningeitika," akasema, "angenyamaza."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, na hofu iliyonipata garini, mahali penye joto, milango imefungwa, ilikuwa kubwa kuliko ya mlimani. Mlimani nilikuwa nikimwogopea asianguke. Hapa nikajua kwamba alikuwa amekaa pale kwenye ukingo kwa raha yake, amefumba macho, anamsikiliza mumewe anamwita, na isingekuwa uchungu wa biriani angekaa mpaka giza. Na kesho nitamrudisha Ibra, na Ibra kuna wadi.

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tele. Nikafungua mdomo, na hapo Shihab akaja kwenye gari, akasimama upande wangu, ukungu umemfunika uso, akagonga kioo.

"Mama? Shangazi?" akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Mko salama?"

Ghanima alinikaza mkono. Alikuwa ananitazama mie, si mwanawe.

Mie ni dada wa Khalaf. Mie pia sijamsikia kwa miaka mitatu.

Sikumjibu. Nilikaa kimya, Mungu anisamehe, nikangoja aite tena.